Kuipiga Picha Molekuli Inayovunjika: Niliyojifunza Kwenye Leza ya Eksirei

Hakuna molekuli hata moja niliyowahi kuichunguza ikasalimika. Mmweko wa leza ya eksirei ukiingia kwenye chemba, unang'oa elektroni kutoka ndani kabisa ya atomi. Atomi hubaki na chaji chanya, chaji hizo husukumana, na molekuli nzima husambaratika kwa muda mfupi kuliko kitu chochote ambacho akili ya binadamu imezoea kukipima. Tunachobaki nacho ni alama kwenye kigunduzi. Molekuli yenyewe haipo tena.

Nilipoingia kwenye fani hii nikiwa mwanafunzi wa uzamivu, mazungumzo yote yalihusu namna ya kuuwahi uharibifu huo: mmweko uwe mfupi kiasi gani ili picha ipatikane kabla atomi hazijasogea. Leo sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuusoma uharibifu wenyewe. Nataka kusimulia tulivyotoka kwenye wazo la kwanza tukafika kwenye la pili, pamoja na mambo ya kazi ambayo hayaandikwi kwenye majarida ya kisayansi. Namwandikia hasa kijana anayesoma fizikia na kujiuliza kama huku kuna nafasi yake.

Tuanze na shida yenyewe. Umbali kati ya atomi mbili zilizoshikana ndani ya molekuli ni takriban sehemu moja ya kumi ya nanomita. Mwanga tunaouona kwa macho una urefu wa wimbi wa kati ya nanomita 400 na 700, kwa hiyo hauwezi kuzipambanua. Eksirei zinaweza. Wilhelm Röntgen alizigundua mwaka 1895, na mwaka 1912 Max von Laue na wenzake wakaonyesha kwamba fuwele huzitawanya kwa mpangilio maalumu. Tangu hapo umbo la molekuli limekuwa likisomwa kwa njia hiyo. Dorothy Hodgkin alipata Nobeli ya kemia mwaka 1964 kwa kazi ya namna hii, ikiwemo ya penisilini na vitamini B12. Lakini picha zile zote zilikuwa za molekuli zilizotulia ndani ya fuwele, na kemia haitulii. Kifungo kinapokatika, atomi husogea kwa muda unaohesabiwa kwa femtosekunde. Chukua sekunde moja, igawe vipande bilioni, kisha kipande kimoja ukigawe tena vipande milioni: hiyo ndiyo femtosekunde. Kifungo kati ya kaboni na haidrojeni hutetemeka mara moja kwa takriban femtosekunde 11.

Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri aliyefanya kazi Caltech, alipata Nobeli ya kemia mwaka 1999 kwa kuonyesha kwamba leza za kawaida zinaweza kufuatilia mwendo huo. Nilisoma kazi zake nikiwa shahada ya kwanza, na ndizo zilizonivuta huku. Mwanga wake uliweza kusema kifungo kimekatika lini. Haukuweza kusema kila atomi iko wapi wakati huo. Kwa hilo zilihitajika eksirei zenye mmweko mfupi kama wa leza zake, na wakati ule mashine ya kutoa mwanga wa namna hiyo haikuwapo popote.

Mashine hiyo haifanani hata kidogo na leza ya mezani. John Madey alitoa wazo la leza ya elektroni huru mwaka 1971. Mwaka 1992 Claudio Pellegrini akapendekeza litumiwe kutengeneza leza ya eksirei kwa kichapuzi, yaani mashine ya kuzisukuma elektroni kwa kasi kubwa, cha maabara ya SLAC huko California, chenye urefu wa takriban kilomita 3, kilichojengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya fizikia ya chembe. Ikapita miaka mingine 17. Aprili 2009 kilomita ya mwisho ya kichapuzi kile ikatoa leza ya eksirei zenye urefu wa wimbi wa kiatomi kwa mara ya kwanza duniani, na mashine ikaitwa LCLS. Elektroni husukumwa hadi zikaribie kasi ya mwanga, kisha hupitishwa kwenye safu ndefu ya sumaku ambazo ncha zake zinapishana, kaskazini kisha kusini. Zinayumba huku na huku, na zikiyumba hutoa eksirei. Eksirei hizo nazo huzisukuma elektroni na kuzipanga kwenye matabaka membamba yaliyoachana kwa urefu wa wimbi moja, na elektroni zilizopangwa hivyo hutoa mwanga kwa pamoja. Mwisho wake ni mmweko wenye takriban fotoni (chembe za mwanga) trilioni moja, ndani ya femtosekunde chache au makumi kadhaa.

Jambo ambalo wanafunzi hawaelezwi vya kutosha ni kwamba mchakato huo huanzia kwenye vurugu. Elektroni huingia kwenye sumaku zikiwa zimetawanyika ovyo, mwanga wa kwanza hutokea kwa bahati tu, na huo ndio unaokuzwa. Kwa hiyo hakuna mimweko miwili inayolingana. Nguvu yake, rangi yake, hata umbo lake la ndani hubadilika kila mara. Mimi nilitoka kwenye maabara ya leza za mezani, ambako mwanga ni mtiifu: ukiuseti asubuhi, jioni unaukuta vilevile. Huku kila mmweko hupimwa peke yake na vipimo vyake kuhifadhiwa pamoja na data yake, mara 120 kwa sekunde. Nilijifunza kutouamini wastani mpaka niwe nimeufungua na kuona kilichomo. Data ambayo ikichanganywa yote huonekana bapa, isiyo na habari, ukiipanga kwa nguvu ya mmweko mmoja mmoja unakuta mimweko dhaifu inafanya jambo moja na mimweko mikali jambo jingine kabisa. Tabia hiyo ya kupanga kabla ya kujumlisha imenifaa katika kila jaribio nililofanya tangu hapo.

Sasa kuhusu uharibifu. Mwaka 2000, Richard Neutze, Janos Hajdu na wenzao walichapisha katika jarida la Nature hesabu zilizotikisa fani nzima. Walionyesha kwamba mmweko wa eksirei ukiwa mfupi vya kutosha, protini inaweza kutawanya fotoni zinazobeba umbo lake kabla haijapata muda wa kulipuka. Mpaka hapo kila mtaalamu wa fuwele alijua kuwa kuna kiasi cha eksirei ambacho sampuli haiwezi kustahimili, na kwamba njia pekee ilikuwa kuigandisha na kuimulika taratibu. Hawa wakasema: mmulike kwa nguvu zote, ila uwe mwepesi kuliko kifo chake.

Mwaka 2006 Henry Chapman na timu yake walilijaribu wazo hilo kwenye leza ya FLASH mjini Hamburg. Walichukua utando mwembamba sana, wakachonga juu yake mchoro mdogo, wakaupiga mmweko mmoja. Mtawanyiko wa mwanga uliopatikana ukaweza kurejeshwa kuwa picha safi ya mchoro, ilhali utando wenyewe ulichemka hadi makumi ya maelfu ya nyuzi joto. Mmweko wa pili haukukuta mchoro. Ulikuta tundu. Nimezionyesha darasani picha hizo mbili zikiwa zimewekwa bega kwa bega, na sijawahi kuhitaji kueleza zaidi.

LCLS ilipowaka, mambo yakaenda mbio. Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya protini ya usanisinuru iitwayo fotosistimu ya kwanza, kutoka kwenye fuwele ndogo mno zilizotiririshwa mbele ya mwale, zaidi ya picha milioni tatu za mtawanyiko. Wakati huohuo zikatoka picha za virusi vikubwa viitwavyo mimivirusi, kimoja kimoja, bila fuwele. Baadaye kidogo timu nyingine ikapata umbo la kimeng'enya cha vimelea vya ugonjwa wa malale kwa kutumia fuwele zilizokuzwa ndani ya seli za wadudu, fuwele ndogo kiasi kwamba kwa njia za zamani zingekuwa vigumu mno kutumika. Nilikuwa mtafiti mchanga wakati huo, nikizunguka kati ya timu kama mtu wa kuazimwa: wiki hii na watu wa gesi, wiki ijayo na watu wa protini. Naona sasa kuwa huo ulikuwa ndio mwanzo bora, kwa sababu ulinifikisha kwenye nozeli.

Nozeli ni kijibomba cha kioo ambacho ncha yake ni nyembamba kama unywele. Maji yenye fuwele hutoka katikati, na gesi ya heliamu hupita pembeni yake ikiyabana, hadi mkondo unabaki na upana wa mikromita chache tu. Mkondo huo hukimbia ndani ya ombwe, na eksirei huupiga ukiwa njiani. Kwenye karatasi ni mstari ulionyooka. Kwenye kioo cha kamera, saa nane za usiku, ni kitu chenye hulka yake. Kwanza unaona mkondo unaegemea kidogo upande mmoja. Maana yake kuna fuwele iliyojibana kwenye mdomo wa nozeli, na una dakika chache kabla haijaziba kabisa. Chini ya chemba, maji yaliyopita huganda kwa kuwa hupoa yanapovukiza ndani ya ombwe, na mlima wa barafu huanza kuota kuelekea juu. Usipouangalia, utafika kwenye mwale. Aliyenifundisha kusoma dalili hizo alikuwa fundi ambaye hakuwa na shahada yoyote ya fizikia. Alikuwa akikaa mbele ya skrini mikono imekunjwa, halafu ghafla anasema, "Badilisheni sasa." Tulibadilisha. Watu waliokuwa wakibishana naye kwa sababu data bado ilikuwa inaingia vizuri walijikuta wakifungua chemba robo saa baadaye, na kufungua chemba ni saa nzima za pampu kurudisha ombwe. Kituo kinampa mtafiti muda wa mashine kwa zamu chache za saa 12, na muda huo umegombaniwa na timu kutoka dunia nzima. Saa moja ya hapo ni mali.

Namweleza kila mwanafunzi wangu: usiombe kukaa kwenye kompyuta kabla hujajua sampuli inaingiaje. Wengi hukimbilia uchambuzi kwa kudhani kwamba ndiko fizikia ilipo. Fizikia ipo pia kwenye skrubu, kwenye kizibo cha shaba kinachozuia hewa isipenye, kwenye shinikizo la gesi. Nimeona hoja zilizoandikwa kwa ustadi mkubwa zikianguka kwa sababu hakuna mtu kwenye timu aliyejua molekuli ngapi hasa zilikuwa mbele ya mwale.

Kazi yangu mwenyewe iliangukia upande wa gesi: molekuli ndogo, zinazoelea peke yake. Njia ni ya kupiga mara mbili. Mmweko wa leza ya kawaida, mara nyingi wa mionzi ya urujuanimno, huianzisha molekuli. Mmweko wa eksirei hufuata baada ya muda uliouchagua na kuchukua picha. Ukiongeza muda huo kidogo kidogo, picha nyingi za molekuli nyingi hupangwa kuwa filamu moja. Mwaka 2015 ikachapishwa filamu ya namna hiyo kutoka LCLS, ya molekuli ya sikloheksadaini, pete ya kaboni sita ambayo mwanga huifungua ikawa mnyororo. Inavutia zaidi ukijua kwamba mwitiko wa aina hiyohiyo hutokea kwenye ngozi ya binadamu juani, pale vitamini D inapoanza kutengenezwa.

Shida ya njia hii ni kujua sifuri iko wapi, yaani ni lini hasa mimweko miwili inafika pamoja. Kwa femtosekunde moja mwanga husafiri mikromita 0.3 tu. Leza ya kawaida inatoka chumba kimoja, eksirei zinatoka kwenye kichapuzi chenye urefu wa kilomita, na lazima zikutane kwenye nukta moja ndogo kuliko chembe ya vumbi. Joto la chumba likipanda nyuzi moja, mita moja tu ya waya wa kioo unaobeba mapigo ya saa hubadilisha muda kwa makumi ya femtosekunde. Mtu akiacha mlango wazi, sifuri inahama. Kwa sababu hiyo, kando ya jaribio huwekwa kipande chembamba cha kitu kigumu ambacho eksirei zikikipiga, uwezo wake wa kupitisha mwanga hubadilika ghafla; kwa kuangalia badiliko hilo linapoonekana, tunajua kila mmweko umewahi au umechelewa kiasi gani, na tunaipanga data upya baadaye.

Nakumbuka zamu moja ya usiku ambayo sehemu yake kubwa ilikwenda kwenye kuitafuta sifuri hiyo. Tulikuwa tumejazana kwenye chumba cha udhibiti, mwanafunzi mmoja akisogeza kioo kwenye reli, mwingine akisoma namba kwa sauti. Hatua kubwa, hakuna kitu. Hatua ndogo, hakuna kitu. Kisha mstari mmoja kwenye grafu ukapanda, ukarudi, ukapanda tena pale pale. Hakuna aliyeshangilia. Msimamizi wetu alisema rudieni kutoka upande wa pili, na tukarudia, na mstari ukapanda mahali palepale. Hapo ndipo alipoandika kwenye daftari la zamu: namba, saa, joto la chumba, nani alikuwa kwenye kiti. Daftari lile lilituokoa baada ya miezi mingi, mhakiki wa jarida alipouliza swali ambalo jibu lake lilikuwa kwenye mstari mmoja wa usiku ule. Andika wakati jambo linatokea. Kumbukumbu ya mtu aliyekesha si ushahidi.

Nirudi kwenye uharibifu, kwa sababu ndiko moyo wangu ulipo. Moja ya majaribio ya kwanza kabisa ya LCLS, lililoongozwa na Linda Young na kuchapishwa mwaka 2010, lilichukua atomi ya neoni na kuinyang'anya elektroni zake zote 10 ndani ya mmweko mmoja. La kushangaza zaidi lilikuwa hili: eksirei hung'oa elektroni za ndani kwanza, na atomi iliyobaki tupu ndani, kwa muda mfupi sana, hushindwa kunyonya eksirei zaidi. Mmweko ukiwa mfupi vya kutosha, atomi huwa kama imefunguka na kuziachia eksirei zipite. Niliposoma hilo nilielewa kwamba kuharibika kwa atomi kuna taratibu zake, hatua kwa hatua, na kwamba hatua hizo zinaweza kusomwa.

Mwaka 2017 likaja jaribio la molekuli ya iodomethani, yenye atomi moja ya iodini, moja ya kaboni na tatu za haidrojeni. Eksirei zilikazwa kwenye eneo la takriban nanomita 100. Iodini ndiyo inayomeza eksirei karibu zote, na inapopoteza elektroni zake huvuta za majirani kuziba pengo, kisha nazo hung'olewa. Molekuli yenye elektroni 62 ilipoteza hadi 54. Kwa mtu anayetaka picha ya protini isiyoharibika hizo si habari njema, maana zinaonyesha kwamba atomi nzito ndani ya molekuli huumia na kuumiza wenzake kuliko hesabu ya atomi moja moja inavyotabiri. Kwangu mimi zilikuwa habari njema mno.

Sababu ni hii. Molekuli ikinyang'anywa elektroni nyingi kwa haraka, vipande vyake hurushana kwa nguvu ya chaji, na kila kipande huondoka kuelekea upande kilikokuwa kimekaa. Ukivipokea vyote kwenye kigunduzi, ukapima kila kimoja kimetua wapi na saa ngapi, unaweza kurudi nyuma kwa hesabu hadi kwenye umbo la molekuli kabla ya mlipuko, kama mtu anayeokota vigae na kujua chungu kilikuwa na shingo ya namna gani. Wataalamu huuita mlipuko wa Coulomb. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko leza za eksirei. Kilichobadilika ni nguvu na wepesi wa mlipuko. Ukiwa wa polepole, atomi hupata muda wa kujipanga upya na picha hupotoka. Ukiwa wa ghafla, umbo hubaki.

Mwaka 2022 timu iliyofanya kazi kwenye European XFEL, leza nyingine ya eksirei huko Ujerumani, ilionyesha hivyo kwa iodopiridini, molekuli ya atomi 11: pete nzima ilionekana, kila kaboni na kila haidrojeni mahali pake. Hapo pana jambo ambalo napenda kulisisitiza. Haidrojeni ina elektroni moja tu, kwa hiyo katika mtawanyiko wa eksirei karibu haionekani kabisa. Ni atomi ambayo mbinu ya kawaida huipoteza. Katika mlipuko, haidrojeni ndiyo nyepesi kuliko zote, huruka haraka kuliko zote na hupokelewa kwa urahisi. Sasa kumbuka kwamba kemia nyingi ya uhai ni ya haidrojeni kuhama kutoka atomi hii kwenda ile. Uharibifu ulituonyesha kile ambacho picha iliyoukwepa uharibifu haikuweza kutuonyesha.

Kuona ramani hizo zikijijenga ni jambo ambalo bado linanisisimua. Mwanzoni skrini ina nukta chache, hapa na pale, huwezi kusema chochote. Baada ya saa kadhaa nukta zinaanza kujikusanya. Inatokea duara hafifu, kisha madoa mawili pembeni mwa duara, kisha manne. Kila nukta ni atomi moja kutoka molekuli moja ambayo haipo tena, na hakuna molekuli hata moja iliyotoa picha nzima peke yake. Umbo linatoka kwenye wingi wao.

Wingi huo ndio uliotukwamisha kwa miaka. Ili kujua kwamba vipande vinatoka molekuli moja, haifai kulipua molekuli nyingi kwa mmweko mmoja, vipande vitachanganyika. Kwa mimweko 120 kwa sekunde, zamu ya saa 12 inatoa mimweko takriban milioni 5.2, na mingi yake haina kitu. European XFEL, iliyofunguliwa mwaka 2017 ikiwa na urefu wa kilomita 3.4, inaweza kutoa hadi mimweko 27,000 kwa sekunde. Idadi ileile inapatikana kwa dakika tatu na kidogo. Septemba 2023 LCLS nayo ikawasha kichapuzi chake kipya cha vyuma vya niobi vinavyopozwa hadi kelvini 2 (takriban nyuzi 271 chini ya sifuri ya Selsiasi), ili umeme upite bila ukinzani, na lengo lake ni mimweko hadi milioni moja kwa sekunde. Vigunduzi vyetu bado vinakimbizana na kasi hiyo, na kwa maoni yangu huko ndiko kijana mwenye kipaji cha elektroniki au cha kuandika programu anakohitajika kuliko mahali pengine popote kwenye fani hii. Watu wa nadharia tunao. Watu wa kutengeneza kigunduzi kinachoweza kumeza data hiyo bila kupoteza nukta ni wachache.

Niseme neno juu ya maisha ya kazi yenyewe, kwa kifupi maana hayana siri kubwa. Maombi ya muda wa mashine hukataliwa mara nyingi kuliko yanavyokubaliwa, hata yakiwa mazuri. Mikataba ya watafiti wachanga ni mifupi. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo mkataba wangu uliongezwa mwaka kwa mwaka na kila mwaka nilijulishwa mwishoni kabisa, na hali hiyo humchosha mtu mwenye familia kuliko kukesha. Makala zetu huwa na waandishi makumi kadhaa, kwa hiyo jina lako linaweza kuzama. Kinachokutambulisha ni watu kujua kwamba ukiwepo kwenye zamu, kuna jambo fulani halitaharibika. Chagua jambo hilo mapema. Kwangu lilikuwa sifuri ya muda.

Kuna pia suala la kupima matumaini. Ile ndoto ya mwaka 2000, ya protini moja peke yake bila fuwele ikionekana kwa undani wa kila atomi, bado haijafikiwa kwa leza za eksirei. Wakati sisi tukihangaika nayo, hadubini za elektroni za sampuli zilizogandishwa zilipiga hatua kubwa mno, na mwaka 2017 Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson walipewa Nobeli ya kemia kwa kazi hiyo. Wapo wenzangu walioumia. Mimi naona ni jambo la afya: kwa molekuli iliyotulia, mara nyingi sasa kuna njia rahisi zaidi, na leza ya eksirei imebaki na kazi inayoiweza kuliko chombo kingine, ambayo ni mwendo. Timu zinazochunguza fotosistimu ya pili, protini nyingine ya usanisinuru, zimekuwa zikifuatilia, hatua kwa hatua na kwa joto la kawaida, jinsi jani linavyopasua maji na kutoa oksijeni. Hilo halifanyiki kwenye barafu.

Mwendo wa elektroni zenyewe nao umeanza kufikiwa, kwa mimweko iliyo chini ya femtosekunde moja. Nobeli ya fizikia ya mwaka 2023, waliyopewa Pierre Agostini, Ferenc Krausz na Anne L'Huillier, ilikuwa ya mimweko mifupi namna hiyo kutoka leza za mezani, na LCLS nayo imekuwa ikitoa ya eksirei.

Kwa sasa kikundi chetu kinaandika maombi mapya ya muda wa mashine. Molekuli tunayoitaka ni asetilini, atomi nne tu: kaboni mbili, na haidrojeni moja kila upande. Ikipokea nguvu ya kutosha, haidrojeni moja huweza kuiacha kaboni yake na kuhamia kwa jirani, ndani ya makumi ya femtosekunde. Imechunguzwa kwa miaka mingi na watu wengi, na ndiyo sababu tumeichagua. Kwenye mashine mpya ni busara kuanza na swali ambalo sehemu ya jibu lake inajulikana, ili usipoliona ujue tatizo liko kwako. Tunachotaka kuongeza ni ramani ya vipande vyote vinne kutoka molekuli ileile, kwa kila hatua ya safari ya haidrojeni hiyo. Mwanafunzi anayeongoza sehemu ya vigunduzi ameniandikia leo kwamba kwa kasi tunayoiomba, kigunduzi chetu kitapoteza nukta moja kila mara haidrojeni mbili zinapotua karibukaribu. Kesho tunakaa naye kuangalia kama tupunguze kasi au tutenganishe haidrojeni kwa uga wa umeme wenye nguvu zaidi. Mimi nina mwelekeo wa kuongeza uga. Yeye anasema tupunguze kasi, na hesabu zake ni nzuri.